Mchezaji wa Mwisho Kwa Mutiso

Ng'ombe wa mke wangu, Mama Nekesa, walitoka bomani asubuhi kabla hawajakamuliwa, mmoja nyuma ya mwingine, wakimfuata mtu ambaye hakuwa na fimbo na hakuwaita. Mama Nekesa alishika mkia wa yule wa mwisho akaburutwa mpaka kwa geti. Usiniambie nilikuwa nimelewa. Tumboni nilikuwa na chai tu, na majirani waliona.

Wacha nirudi nyuma. Miaka ya elfu mbili na kitu, sisi wanunuzi wa mifugo Kitengela tulikuwa tukicheza poka nyuma ya bucha ya Mutiso baada ya soko. Tulibeti na vizibo vya soda, kila kizibo mbuzi mmoja, na kwa kawaida mtu aliingia na vichache. Akiliwa, anaenda nyumbani bila kesi. Siku hiyo Mutiso akasema kila mtu aweke boma lake lote mezani. Halafu akaketisha mgeni kushoto kwangu. Maana yake, kila raundi mimi naongea kwanza, kama naweka vizibo ama sitaki, yeye anasikia, ndio anaongea.

Alikuwa mzee wa shuka. Alitusalimia "Sopa" ya Kimaasai, basi. Nyuma ya bucha unajua vile nzi huwa, lakini hakuna hata mmoja alimkaribia. Na niamini, karata zake mbili hakuziinua kuangalia.

Mimi nilipata kopa mbili. Katikati ya meza zikafunguliwa tatu, mbili ni kopa. Nilitaka moja tu zitimie tano. Nikinyamaza, mzee anaweka vizibo. Nikiweka, anaongeza. Ningejuaje ana nini, na yeye mwenyewe hajaangalia?

"Baba Nekesa, kwani unangoja barua ya posta?" Mutiso akasema. "Lipa ama utupe."

Nililipa. Karata ya nne haikuwa, ya mwisho ikawa kopa. Nikasukuma vizibo vyote. Mzee akasukuma vyake, akafunua zake: kopa mbili, moja ile kubwa kabisa. Nikaliwa boma lote.

"Nitakuja asubuhi," akasema.

Ng'ombe walipoondoka nilifuata alama za kwato mpaka karibu na Kisaju. Nyayo za mzee hazikuwa kwa vumbi. Katikati ya uwanda kwato nazo zikaisha, kinyesi kikiwa bado moto. Mchungaji mmoja akaniuliza huyo mzee anafanana vipi. Nikamweleza. Akaniambia alikufa mwaka wa kiangazi, baada ya Mutiso kumdanganya na kubeba ng'ombe wake wa mwisho.

Mama Nekesa alirudi kwao. Ng'ombe yeyote nikinunua hakai, asubuhi nakuta kamba tu. Wewe unayecheza, usifuate karata moja na kila kitu chako mezani kama kuna mtu wa kuongea baada yako.

Mutiso sasa anauza nyama Embulbul, amenona. Mutiso, mzee alikuja kwako kudai ng'ombe wake. Mbona ukamwelekeza kwa boma langu? Nijibu, na umjibu Mama Nekesa.