Maua ya Njano Kwenye Matete

Tulikuwa watatu kule kinamasini kwetu, nikiwa mtoto: mimi, mdogo wangu wa kike aliyenifuata ziwa, na shangazi yetu, dada yake baba, aliyetupeleka kukata ndago za mikeka. Jana mjukuu wangu alinitoa Toronto akanipeleka kaskazini, baridi imekwisha, tukatazame ndege na maua ya kinamasi. Harufu ya lile tope ndiyo iliyonirudisha.

Siku ile tuliona kiota cha korongo, wale wenye taji kichwani, kina mayai mawili. Kwetu kiota hakinyooshewi hata kidole, wala hakitajwi.

"Mmeona nini?" shangazi akauliza.

"Hatujaona kitu," tukajibu, kama tulivyofunzwa.

"Basi hata mimi sijaona," akacheka.

Lakini nilitaka kukiona tena. Nikabaki nyuma, nikafunga maua ya njano kwenye matete yawe alama yangu. Kesho yake mayai hayapo. Wapita njia walikuwa wamefuata alama, na korongo wawili wanazunguka juu wakilia.

Shangazi akauliza nani kafunga maua. Nikainama, nikaendelea kukata ndago. Akamgeukia mdogo wangu, kwa sababu ndiye aliyependa maua.

"Kumbe mla mayai ni wewe uliyewaonyesha!"

Mwenzangu alinitazama tu. Kijiji kizima kikamwita Mla Mayai, jina hilo akaolewa nalo, akazikwa nalo.

"Bibi, unalia nini? Ni ndege tu," mjukuu aliniambia jana.

Mliokuwapo enzi zile, nikikosea nisahihisheni. Mayai labda yalikuwa matatu. Lakini maua niliyafunga mimi.