Shemeji apima ploti kwenye kinamasi

Leo nimemwacha shemeji yangu kwenye tope makusudi.

Nilikuwa nimempeleka binti yangu Wanjiku kwa hifadhi ya ndege aone korongo. Nilimwahidi kabla mdogo wake azaliwe, na tangu hapo ni uchovu tu.

Shemeji, dalali wa mashamba, akajialika.

Kila tukiwakaribia ndege, sauti yake inawafukuza. "Hii maji ikikauka, si hapa ni ploti tupu?"

Eti akaanza kupima kwa miguu. Akazama hadi magotini.

Aibu ikamnyamazisha. Korongo wawili wakatua karibu, na Wanjiku akashika mdomo.

"Mama Wanjiku, nivute," akanong'ona.

"Tulia hapo, shemeji. Mtoto hajamaliza kuangalia."

Sasa anaambia ukoo wote niko na roho mbaya. Nyinyi mngemvuta?