Miezi Iliyokatwa kwa Jeki

Mamangu hakuwa na imani na mkasi. Alisema mkasi ni chombo cha watu wenye nafasi, nao wenye nafasi hawana kazi, na wasio na kazi ndio hao wanaokaa kumsema yeye. Kwa hivyo mapambo yote yaliyotoka nyumbani kwetu Kisauni, ya Idi, ya Maulidi, na hata ya Krismasi za watu, yalikatwa kwa jeki ya lori.

Jeki hiyo aliileta mjomba, kaka yake mama, fundi wa vyuma kule Changamwe. Mjomba alikuwa na tabia ya kutotupa kitu, na tabia mbaya zaidi ya kutuletea sisi kila asichokitupa. Safari hiyo alikuwa ameunda fremu ya chuma, kimo chake kama meza ndogo, akaisimamisha jeki ndani yake, na juu ya jeki akalaza kipande cha ubao wa mvule. Unapanga karatasi juu ya ubao, juu ya karatasi unaweka kikatio, kisha unapiga jeki mpaka ubao unapanda na kikatio kinabanwa na chuma cha juu. Ukisikia "tk!", karatasi kumi na mbili zimekatika kwa pamoja. Vikatio vyenyewe alivikunja kutokana na ile mikanda ya chuma inayofungia makasha bandarini, akavinoa kwa tupa. Vilikuwa vitatu: nyota, kengele na duara.

Mwezi hakuleta. Alisema mwezi mwandamo una ncha mbili kali, na chuma kile ukikikunja hivyo kinakatika. Mama akamuuliza ni Mwislamu gani huyo anayeweza kuunda kengele akashindwa na mwezi. Mjomba akajibu kwamba kengele ina wateja. Hawakusemezana kwa wiki nzima, na katika wiki hiyo ya hasira mama akavumbua njia yake mwenyewe: unakata duara, unalisogeza hilo duara upana wa kidole kimoja, unalikata tena kwa kikatio kile kile. Unapata mwezi, na kando yake kipande chenye umbo la jani.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nangoja matokeo, yaani sikuwa na kazi, kwa hivyo kupiga jeki kukawa juu yangu. Kusogeza duara alikataa kuniachia. Alisema kidole changu chembamba mno na miezi yangu itatoka imekonda kama iliyofunga na zile sita za baada ya Ramadhani. Kipimo kilikuwa kidole chake yeye, kilichonenepa kwa kukanda unga wa mahamri.

Sasa niseme lililokuwa likimla mamangu, maana bila hilo mtadhani nasimulia habari za karatasi. Babangu alikuwa mtu wa bara. Alikuja Mombasa kutafuta kazi, akapata kazi bandarini, akamwona mamangu, akasilimu, akaoa, yote hayo kabla mwaka haujaisha. Jamaa za mama, ambao wako pwani hii tangu hawajui lini, hawakuumeza mwendo huo. Dini ya baba waliiita dini ya harusi, eti iliingia pamoja na mahari. Akifunga, walisema anapunguza tumbo. Akichelewa msikitini walisema si mliona, akiwahi walisema anajionyesha. Mama alikuwa katika vita hivyo kwa miaka ishirini. Kila sahani ya futari aliyoipeleka kwa jamaa na majirani ilikuwa ushahidi katika kesi ile, na hukumu haikutoka.

Ndipo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, kamati ya madrasa ya mtaani kwetu ikamwomba yeye apambe ua kwa ajili ya Maulidi. Miaka yote kazi hiyo ilikuwa ya dada yake mwenyekiti wa kamati, mama mmoja wa mkasi na karatasi za kijani, mwaka nenda mwaka rudi, kijani kile kile. Mwaka huo alikuwa Lamu kwa binti yake aliyejifungua. Mama alipoletewa habari alikaa kitako sakafuni, akacheka, akafuta machozi kwa ncha ya leso.

"Yeo ndio wameiona nyumba yangu kuwa ni nyumba ya dini," akaniambia. "Na hao wa kwetu watakuja, watakaa, watainua mato wataona."

Aliitaka dhahabu. Kijani kilikuwa cha mkasi. Lakini karatasi za dhahabu za dukani zilikuwa ghali na nyepesi, ukizishika kwa jasho zinakuachia rangi mkononi. Aliyetuokoa ni jirani yetu, mama wa bara, mtu wa kanisa, ambaye kila Desemba mama alimkatia nyota na kengele. Mume wake alikuwa kibarua katika kiwanda cha uchapaji. Akatuletea mzigo mzima wa karatasi nzito, zinazong'aa, umefungwa kwa kamba ya katani.

"Mama, hizi ziliharibika kiwandani, rangi zimepandana," alisema. "Walikuwa wazichome."

Zilikuwa dhahabu kweli, zenye vidoto vya buluu na kijani vilivyopangika vizuri kama pindo la leso. Palikuwa na herufi pia, ila zilichapwa juu ya herufi nyingine mpaka hazisomeki. Mimi mwenye kidato cha nne nilijaribu nikashindwa, jambo lililozidi kunitia wasiwasi juu ya matokeo. Upande wa nyuma zilikuwa nyeupe.

Tulikata siku tatu. Mkono wangu wa kulia uliota misuli ambayo haijaondoka hadi leo. Miezi ilikwenda kwenye kikapu kimoja na vile vipande vya umbo la jani tukamwekea jirani, naye akafurahi sana, akasema atavitundika kwenye mti wake wa Krismasi. Kwa hivyo kila mwezi wa Maulidi ulizaa na jani moja la Krismasi. Mama alinionya nisiyaseme hayo mbele ya jamaa zake.

Asubuhi ya siku ya Maulidi tukatundika. Nyuzi zilivuka ua wote wa madrasa, nguzo hadi nguzo, na upepo ulipoingia ile miezi ikaanza kujigeuza, dhahabu, nyeupe, dhahabu. Maalim alitoka darasani, akatazama juu, akasema mashallah mara tatu. Wanawake waliokuwa wakitandika mikeka wakaacha kutandika. Mama alivuta buibui mpaka puani ili asionekane anavyocheka, lakini macho yake hayakuwa na buibui.

Kisha akaingia mwenyekiti. Alikuwa muuza vitambaa, mtu wa kofia ya kiua na mswaki mdomoni saa zote, na siku hiyo alikuwa na uchungu kwamba dada yake ameporwa kazi. Alizunguka ua mzima akitafuta kasoro. Akafika katikati, akainua shingo, mswaki ukamwanguka.

"Astaghfirullah! Shusheni! Shusheni upesi! Hizi ni chapa za bia! Mwatuletea tausi wa bia katika Maulidi ya Mtume!"

Kila mtu akainua shingo. Nilishika nguzo. Nilimwona mamangu akibadilika uso, na nilijua anachokiona: miaka ishirini ya sahani za futari ikimwagika mchangani. Wanawake wawili wa upande wa kwao walikuwa wameshaziba vinywa kwa viganja, na mmoja alimnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika na wote, "Si n'lisema? Mume wa bara."

Nadhani ni neno hilo lililomzindua. Mama alinyosha mkono, akachuma mwezi mmoja uzini, akautazama mbele, akautazama nyuma.

"Tausi yu wapi?" akauliza.

"Huyo hapo!"

"Hapa? Mimi hapa naona vidoto. Mwanangu!"

"Abee, mama."

"Wewe waona n'ni?"

"Vidoto, mama."

"Maalim, nawe?"

Maalim alivaa miwani, akausogeza mwezi karibu na pua. "Naona," alisema polepole, "vidoto."

"Sote twaona vidoto, bwana mwenyekiti," akasema mama. "Tausi umemwona peke yako. Mkia wenyewe hautoshi kijiko, nawe umemjua mpaka kinywaji chake. Haya twambie, mwakutana wapi?"

Kicheko kilianzia upande wa wanawake, na wale wawili ndio waliokuwa mbele. Mwenyekiti alisema ameiona chapa hiyo kwa mbali tu, akipita njia, kwenye kreti zilizopangwa nje ya kilabu. Mama akamwambia basi ana macho makali, Mungu amhifadhie. Kicheko kikaanza upya. Maalim naye alikuwa amegeukia ukuta na mabega yanamtikisika, na aliporudi kwetu alikohoa akasema kwamba kwa kawaida mwezi ni mweupe. Tuibandike miwili miwili, weupe nje, na mambo yaishe.

Tukachemsha uji wa unga wa ngano, tukabandika. Mwenyekiti alikunja mikono ya kanzu akabandika pamoja nasi, tena kwa bidii kutushinda, na hakuna aliyemuuliza kitu. Kabla ya adhuhuri ua ulijaa miezi myeupe, na tausi wote walikuwa wamefungiwa ndani.

Mama alirudi nyumbani mshindi. Alisimulia mlangoni, alisimulia kisimani, alisimulia kwa jirani yetu wa kanisa, ambaye aliomba radhi huku akilia kwa kucheka. Kila akirudia, shingo ya mwenyekiti ilizidi kurefuka. Mwezi mmoja wa dhahabu alikuwa ameubakisha, ameufunga katika pindo la leso, kwa sababu alitaka kumsimulia baba kwa utaratibu. Vita vilikuwa vya baba, na ushindi ulikuwa wake pia.

Baba aliingia baada ya alasiri akitoka zamu. Mama alimkaribisha kwa heshima ya bwana harusi: maji ya kunawa, chai ya tangawizi, mahamri na mbaazi. Alimwacha ale mawili. Kisha akafungua pindo, akamwinulia mwezi mbele ya macho, na mimi nikasogea nisipitwe na jibu.

"Tazama, bwana. N'ambie waona n'ni."

Baba alitazama, shavu limejaa. Akatabasamu.

"Ha! Tausi!" alisema. "Mmempata wapi huyu?"

Alilisema kwa furaha, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za rafiki wa kazini. Kisha akatuona nyuso zetu. Alitafuna polepole, akameza.

"Ya zamani hiyo," akasema. "Kabla sijasilimu."

"Nimetoka kwa jirani sasa hivi," mama akasema. Hakupaza sauti. "Mumewe asema chapa hini imeanza kuchapwa mwaka huu."

Baba alikiweka kikombe chini bila kukimaliza, akachukua taulo akaenda kuoga, na tulimsikia akijimwagia maji kwa muda mrefu kuliko uchafu wa bandarini unavyohitaji. Nilimkasirikia. Nilikuwa tayari kumwona mtu yeyote wa mtaa ule akijikwaa kwenye mtego wa mamangu, nami nicheke, lakini si yeye. Kisha nikamwonea huruma, maana alikuwa amefurahi kwa kweli, na labda kumficha rafiki kwa miaka yote hiyo kulimchosha.

Mama aliitoa kanzu nyeupe ya baba sandukuni. Kabla ya kuipiga pasi aliinua ukosi wake akaupeleka puani, akavuta pumzi, macho amefumba. Alitia makaa kwenye pasi, akainyoosha mbele na nyuma, akaigeuza, akaanza tena. Halafu akawasha chetezo, akatia udi wa sikukuu, ule ghali, akaifukiza kanzu mpaka nikatoka nje kwa kikohozi.

Baba alipotoka kuoga, alimvalisha mwenyewe. Alimfunga kifungo cha shingo, akamweka kofia sawa, akarudi nyuma hatua moja kumkagua.

"Ukifika, kaa mbele," akamwambia. "Kaa kando ya mwenyekiti. Na mtu akikuonyesha kitu chochote kule juu, usiinue mato."

"Haya," baba akasema.

Maulidi yalipoanza jioni, alikaa mbele. Watoto wakasoma, matari yakapigwa, marashi yakamwagwa vichwani, watu walisimama na kukaa, wageni wakainua shingo kuisifu miezi, na babangu hakutoa macho yake mkekani hata mara moja. Jamaa za mama walikuwepo wote, na walimwona. Kesho yake shangazi yake mama, mkali kuliko wote, alikuja kwetu kwa miguu yake, akakaa, akanywa chai, akasema kwamba maisha yake yote hajapata kuona mtu mnyenyekevu katika Maulidi kama mume yule, na kwamba walimkosea sana.

Mama alikuwa amelingoja neno hilo miaka ishirini. Alisema alhamdulillahi, kwa sauti ya mtu aliyepewa pole, akaingia chumbani akafunga mlango.