Jirani Aliyepima Mlango Wangu

Mwanamume umemjua kwa dakika tano tu. Anatoa tepu ya fundi mfukoni, anapima upana wa mlango wako, anapima urefu, halafu anakugeukia na kuuliza:

"Na mama ana kilo ngapi?"

Mama mwenyewe ni mke wangu. Mjamzito. Amesimama hapo nyuma yangu na kikombe cha chai.

Wewe ungemfanya nini?

Mimi nilicheka. Nikiogopa huwa nacheka, huo ni ugonjwa wangu. Nikamwambia, "Mia moja hamsini, bila viatu."

Yule jamaa hakucheka. Alinitazama, akamtazama mke wangu, akasema polepole, "Hiyo ni watu wanane."

Kisha akakunja tepu yake akaenda.

Hiyo ni Kitengela, mwaka wa 1997, kabla mvua ya El Nino haijatuonyesha cha mtema kuni. Jamaa anaitwa Munguti. Mimi ni Wasike, na mke wangu ni Nakhumicha. Nyumba ilikuwa yetu ya kwanza, vyumba viwili na mabati mapya. Ukikohoa ndani, mabati yanakujibu.

Sasa mtaniuliza, Wasike, mbona swali dogo hivyo likutoe jasho?

Kwa sababu mimi nimetoka Kayole, na Kayole nilikuwa na jirani anaitwa Gakuru. Gakuru alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana. Alijua saa ninayotoka, saa ninayorudi, na ufunguo ninauficha chini ya tofali gani. Siku moja nikarudi mchana nikapata nyumba nyeupe. Hakuna kitanda. Hakuna redio. Hata githeri niliyoacha jikoni ilienda na sufuria yake, ikiwa bado moto.

Gakuru hajaonekana mpaka leo.

Kwa hivyo mtu akinichekea sana, mimi nashika mfuko.

Na huo mtaa mpya, jamani, walikuwa wanacheka! Watu wa kila pembe: Wakamba, Wajaluo, Waluhya wenzangu, Wamaasai wenye ardhi yao. Wote wanakupungia mkono. Ukipita na jerikeni mtu anakusaidia kubeba bila kuombwa.

Elsie wa nyumba ya pili alituletea mandazi siku ya kwanza. Akakaa, akanywa chai, akauliza, "Na nyinyi mnalala chumba kipi, hiki cha mbele ama cha nyuma?"

Bwana yake, Ouma, alikuja kesho yake. Akafungua geti langu, akalifunga, akalifungua tena pande zote mbili. "Omera, ndugu yangu, hili geti lako linafunguka vizuri sana," akasema, akafurahi kama aliyepewa zawadi.

Mnaona vile naona?

Mmoja anapima mlango. Mwingine anataka kujua tunalala wapi. Wa tatu anajaribu geti. Mimi nikamwambia Nakhumicha, "Mama, hawa wanajua wanachofanya. Gakuru alikuwa mwanafunzi tu."

"Wasike, wewe kila mtu ni Gakuru," akanijibu.

Kitu kingine. Munguti alianza kuniita nje. "Jirani, tutoke kidogo tuongee, wanaume tu." Kesho yake tena, "Jirani, twende mpaka kwa kona, dakika moja." Mimi nakataa na utani. "Munguti, ukitaka kunichumbia peleka barua kwa baba yangu Bungoma." Najua hiyo hila. Unaitwa kwa kona, ukirudi nyumba ni nyeupe.

Nikaona nimalize hii maneno. Nikaita fundi wa kuchomea vyuma. Akatoa mlango wangu wa mbao, mbao ngumu ya kuridhisha, akaniwekea wa chuma. Komeo juu, komeo katikati, komeo chini. Ukiufunga unasikia kama jela.

Ule wa mbao nikaupiga msumeno, nikatengenezea kuku banda.

Munguti alipita jioni hiyo akasimama kwa ua. Aliangalia mlango wa chuma. Kisha akaangalia banda, vipande vya mlango vimepangwa hapo, kuku ameshapanda juu anatafuta usingizi.

"Umekata mlango?"

"Nimekata."

"Wote?"

"Munguti, hata kuku wanahitaji heshima."

Aliangalia hao kuku kama mtu anayeangalia maiti. Midomo yake ikafunguka aseme kitu. Akamwona Nakhumicha dirishani, akafunga mdomo, akaenda.

Nikajiambia: Munguti, umeshikwa, mjinga wewe.

Mvua ikaanza.

Mtu ambaye hajaishi Kitengela ya zamani hajui matope. Ule udongo mweusi, black cotton, ukinywa maji unageuka ugali. Unakula kiatu, halafu unarudi kula mguu. Kutoka kwetu mpaka lami ya barabara ya Namanga hakukuwa na gari la kupita. Peugeot ya mwalimu fulani ilizama kwa kona, ikabaki hapo mpaka bata wakaizoea.

Mpango wetu wa kujifungua ulikuwa teksi. Teksi ingepitia wapi, hewani?

Ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Niko sebuleni nachota na beseni maji yaliyopita chini ya mlango. Nikasikia sauti kutoka chumba cha nyuma. Si kelele kubwa. Sauti ya mtu aliyeshangaa.

"Wasike. Kuna damu."

Na ilikuwa bado wiki kadhaa.

Nilimlaza. Nikaenda dirishani. Nikarudi. Nikaenda tena dirishani, ati labda barabara imekauka nikiwa nimegeuka. Hapo ndipo alipiga ukemi wa kwanza, wa kweli, na mabati yakaujibu.

Wazo likanijia nimbebe mgongoni. Nikajaribu kumwinua akalia sana mpaka nikamrudisha chini.

Halafu geti likafunguka. Pande zote mbili.

Nikachungulia. Munguti yuko mbele, bisibisi mkononi. Ouma nyuma yake, kamba zimezunguka bega. Nyuma yao wanaume wengine, watano, wamelowa chapachapa, hakuna hata mmoja aliye na mwavuli. Wanatembea haraka na hawaongei.

Nikafunga komeo la juu. La katikati. La chini. Nikachukua panga chini ya kochi.

Mlango ukapigwa ngumi. "Jirani, fungua!"

"Mnataka nini?"

"Tunataka mama!"

Nikapiga kelele, "Munguti, mimi ni Mbukusu, nakata!"

"Kata baadaye! Fungua!"

Sauti ya Elsie ikaingilia, iko karibu kulia. "Shemeji, tafadhali, tumesikia mama. Fungua mlango, shemeji. Muda unaenda!"

Nilikuwa nimeshika panga na mikono miwili. Nyuma yangu mke wangu anapumua kama aliyekimbia. Mbele yangu chuma kinatetemeka. Niliona githeri ya Kayole. Niliona Gakuru akicheka. Wallahi sikujua ni upande gani kuna hatari.

"Wasike," Nakhumicha akaita. Sauti ilikuwa imepungua. "Wanasema nini hao?"

"Wanasema wanakutaka wewe."

"Basi wape," akasema. "Wewe na panga yako mmenisaidia nini?"

Nilifungua. Komeo la chini lilikwama, nikalipiga teke.

Munguti hakuniangalia hata. Alishika mlango wa chuma akautikisa, akaweka bisibisi kwa bawaba, akaona zimechomewa. Akaegemeza kichwa kwa hicho chuma. Sekunde moja tu.

"Huu hautoki," akamwambia Ouma. "Na ukitoka, utatuua kabla ya matope." Akageuka mbio, matope mpaka magotini.

Elsie alikuwa ameshaingia moja kwa moja chumba cha nyuma. Hakuuliza njia. Alikuwa anajua tunalala wapi.

Munguti akarudi. Kwa kichwa amebeba mlango. Mlango wa mbao, rangi ya samawati, kitasa bado kinaning'inia. Ulikuwa wake. Alikuwa ameutoa kwa nyumba yake, na nyumba ameiacha wazi kwa mvua na kwa mwizi yeyote anayetaka.

Akauweka chini sebuleni. Ouma akatupia godoro juu. Wakamlaza mke wangu, wakamfunga na kamba juu ya leso, si kwa kukaza, kwa ustadi, kama watu waliofanya mazoezi. Elsie akamfunika na nailoni.

"Panga weka chini, shika hapa," Munguti akaniambia.

Tukainua. Wanane, wanne kila upande.

Ule mlango ulipita kwa mlango wangu kama ulivyopimwa. Ulipita kwa geti bila kugusa.

Hapo ndipo akili yangu ilianza kushika moto, pole pole, kama kuni mbichi.

Tulitumbukia kwa matope. Hatua moja, vuta mguu. Hatua nyingine, vuta mguu. Kiatu changu kilibaki, sikukiulizia. Nakhumicha alikuwa ananiangalia kutoka juu ya godoro, mvua usoni, na uso ulikuwa unageuka rangi ya majivu.

"Ongea na yeye," Elsie akanifokea. "Mdomo ambao unao kila siku uko wapi?"

Sikuwa na utani hata mmoja. Nikamwambia kuku wamekula.

Mbele ya kila geti mtu alikuwa amesimama anangoja. Tukifika, anaingia, anaweka bega, aliyechoka anatoka. Hakuna aliyepanga, hakuna aliyeitwa. Na kila anayeingia anasema jina lake, ndio wanaobeba wajue nani ameshika.

"Lennox, geti la kijani."

"Nzomo. Nimeshika."

Mama mmoja mkubwa alimsukuma mwanamume pembeni. "Mbeke! Toka, wewe bega lako ni la kuvaa shati tu!"

Karibu na kona, mzee wa Kimaasai aliacha kondoo wake kwa mvua akaingia upande wangu. "Supa," akanisalimia. "Lemayian."

"Ipa," nikajibu, na hapo ndipo nililia.

Nilikuwa nimeishi na hao watu miezi na sikumjua hata mmoja. Siku hiyo nikawajua wote, kwa mabega.

Tukafika lami. Ouma akasimama katikati ya barabara, mikono juu, mbele ya lori la mchanga linalotoka Kajiado. Ama lisimame, ama limgonge. Likasimama. Tukampandisha na mlango wake, kwa sababu Elsie alikataa afunguliwe.

Hospitali, mapokezi, mlinzi aliuliza, "Huyu mama amekuja na mlango wa nani?"

Nilikaa kwa benchi, mguu mmoja mtupu. Elsie akakaa karibu nami. Ndipo akaniambia.

Munguti alikuwa na mke, Mukai. Misimu miwili ya mvua nyuma, uchungu ulimshika mchana, kwa matope kama hayo. Alifia mbele ya geti la kijani, yeye na mtoto. Tangu hapo Munguti hupima mlango wa kila nyumba yenye mjamzito. Anataka kujua kama utafaa kumbebea mama, kama utapita, na watu wangapi watatosha.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikauliza.

"Tuseme mbele ya mama aliyebeba mimba? Kwani huko kwenu mama mjamzito huambiwa habari ya aliyekufa akizaa?" Akanitazama. "Munguti alikuita nje mara ngapi, shemeji?"

Daktari akatoka.

Wote wawili walikuwa hai. Msichana, mdogo kama mkate, na hasira ya mvua aliyozaliwa nayo. Tukamwita Nafula.

Kesho yake nikarudi na mlango. Munguti alikuwa amekaa kwa nafasi ulipokuwa, kwa kiti, amejifunika blanketi. Akasimama.

"Mtoto?"

"Msichana. Anapiga kelele."

Akageuka akaangalia ukuta kwa muda mrefu. Nikajifanya naondoa matope kwa kitasa.

"Lete mlango," akasema mwishowe. "Niko na baridi."

Tulifunga bawaba bila kuongea. Skrubu ya mwisho ikiingia, akaniuliza, "Ni kilo ngapi, kwa ukweli?"

"Sitini na tisa."

"Mwongo wewe. Nimekusanya wanane bure. Wanne wangetosha."

"Kwa hayo matope?"

Akafikiria. "Kwa hayo matope, hapana." Akaujaribu mlango, ukafunga vizuri. "Kwa Mukai tulikuwa wawili na wilbaro."

Niliokota bisibisi chini nikampa.

Siku hizi barabara yetu ina lami, na magari yanapiga honi kwa kona ilipozama Peugeot. Mlango wangu ni wa mbao, mpana, skrubu ziko mahali mtu yeyote anaziona. Ule wa chuma uko kwa banda. Hakuna kuku Kenya nzima wanaolala na usalama kama wangu.

Kwa hivyo wewe unayehamia mahali leo, na kidonda cha Gakuru wako bado kibichi, sikiza. Mwizi huuliza unatoka saa ngapi. Jirani huuliza utatokaje. Ukiitwa nje, toka, usikize mtu anataka kusema nini.

Na ukiulizwa mke wako ana kilo ngapi, ongeza.