Vidonge vya Majani Chai

Mama alichuna chai zaidi ya miaka thelathini kwenye mashamba ya Kericho. Alipostaafu alirudi kwetu, karibu na Sotik, akiwa na ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi alimeza dawa za kliniki, akanung'unika, akaenda kukamua ng'ombe wake.

Mwaka jana nilimkuta macho yamekuwa ya manjano. Mkojo, aliniambia kwa aibu, ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Nikapekua kabati. Dawa za kliniki zilikuwa hazijafunguliwa. Kando yake palikuwa na chupa ya vidonge vya kijani.

"Ni vya yule mtu wa kipaza sauti, sokoni Silibwet," alisema. "Ni nguvu ya majani chai, imekamuliwa. Flavonoidi. Nilijua ni kweli, kwa sababu hilo neno nililisikia kwako."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Krismasi nilikuwa nimejigamba mbele ya familia kwamba majani aliyoyachuna yana flavonoidi, kemikali za asili za mimea, na wataalamu wanachunguza kama zinasaidia moyo. Nilisema wanachunguza. Yeye alisikia zinatibu.

Hospitalini, daktari aliishika ile chupa kwa ncha za vidole. "Kunywa chai si neno. Lakini ikikamuliwa ikashindiliwa kwenye kidonge, inaweza kuumiza ini. Aache leo hii, na dawa za sukari zirudi."

Siku ya soko nikaenda Silibwet. Yule mtu alinichekea. "Mwalimu, kitu cha mmea hakina madhara."

"Na tumbaku je, inachimbwa migodini?"

Watu wakacheka, na wawili wakaendelea kununua. Nikamnyang'anya kipaza sauti, nikaeleza kwa Kipsigis yaliyompata Mama. Mzee mmoja akarudisha chupa yake. Mmoja tu! Nilipowaleta watu wa afya wiki iliyofuata, muuzaji alikuwa ameshahama. Nasikia sasa anauza katika soko la Sosiot.

Ini la Mama lilichukua miezi kupona. Hanilaumu, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. "Mimi sikusoma," husema, akijicheka.

Hapo mimi hupandwa na hasira hadi ninatoka nje. Aliyesoma nilikuwa mimi. Na yule mwenye kipaza sauti alijua vizuri sana anaongea na nani: na watu wasiosoma, kama Mama.