Vihisi Viwili Kwenye Mguu wa Robi

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Homa Bay mwanzoni mwa miaka ya tisini, Sista Msimamizi wa chumba cha upasuaji alinipa vitambaa vya kufyonza damu akasema, "Hesabu." Nikahesabu. "Hesabu tena. Tumbo la mtu si gunia." Mimi nilikuwa fundi wa mitambo, vitambaa havikunihusu, lakini tabia hiyo ilinishika hadi nikawa nahesabu wanangu mara mbili mezani. Hawakuwahi kuongezeka.

Nikahamishiwa Migori. Huko Daktari Mkuu wa Upasuaji, mtu wa maneno machache, alikuwa amepewa vihisi viwili vya kupima asidi ndani ya msuli, avilinganishe. Msuli ukikosa damu huanza kuchachuka kabla jicho halijaona kitu. Kihisi cha kwanza kilikuwa sindano yenye ncha ya kioo, iliyosoma umeme mdogo unaobadilika na asidi. Cha pili kilikuwa uzi wa kupitisha mwanga, wenye rangi nchani inayogeuka asidi ikizidi. Cha kioo kilivunjika hata ukikitazama vibaya. Cha mwanga kiligombana na taa yetu kubwa, nikawa nakifunika kama mtoto mchanga.

Ndipo akaletwa Robi, mkulima kijana kutoka Kehancha. Mkokoteni wa tumbaku ulikuwa umemlalia mguu, ukavimba chini ya goti. Alichomwa ganzi mgongoni, akabaki macho, anasikia yote. Daktari akapasua mbele na nyuma kupunguza shinikizo, tukachomeka kihisi cha kioo mbele, cha mwanga nyuma. Cha kioo kikasema msuli unakufa. Cha mwanga kikasema uko salama.

"Kimoja kinadanganya," Daktari alisema. "Nikiacha mguu uliokufa, sumu itamuua. Nakata juu ya goti."

"Daktari, niachie nivipime upya."

"Dakika tano."

"Kumi."

"Hapa ni sokoni Suna? Saba."

Sauti ya Robi ikatoka nyuma ya pazia. "Fundi, usikubali haraka hivyo. Mguu ni wangu."

Sista mmoja aliyemshika mkono alicheka, kisha akageuza uso.

Nilivitia vyote viwili kwenye maji maalumu ambayo asidi yake inajulikana. Nikarudia. Vyote vilisoma sawasawa.

"Daktari, hapa hakuna mwongo."

"Basi vibadilishane mahali."

Tukavibadilisha. Sasa cha mwanga, kule mbele, ndicho kilicholia asidi. Cha kioo, kule nyuma, kikatulia. Kumbe tulikuwa tunatafuta mshindi, na kila kimoja kilikuwa kinasema ukweli wa pale kilipochomwa. Msuli wa mbele ulikuwa umekufa, wa nyuma ulikuwa hai. Daktari akaondoa uliokufa tu, kisha akainama karibu na kichwa cha mgonjwa.

"Robi, mguu unabaki. Ila utachechemea."

"Mbuzi wetu anachechemea, Daktari, na hakuna anayemkamata."

Vihisi vilirudishwa kwa wenyewe. Leo mnavyo bora zaidi, mafundi vijana wangu. Lakini vikibishana, msikimbilie kuuliza kipi kibovu. Ulizeni kwanza kila kimoja kimesimama wapi.

Nimestaafu, na magoti yamechakaa. Robi akija Migori hupita kunijulia hali. Tukitoka kwenda barabarani yeye hutangulia, akichechemea upesi, halafu hugeuka akaninyooshea bega.

"Shika hapa, Fundi. Pole pole. Hakuna anayetufukuza."