Mjomba alivyogawa basari yangu ya udaktari wa meno kama sinia la pilau

Wakuu, habari za humu.

Leo naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina. Hii sio chai, ni kweli tupu. Wahusika wote wapo hai, na mmoja wao najua anapita humu kimya kimya. Akijitambua, shauri yake.

Mimi ni ke, nimekulia Johannesburg, Afrika Kusini. Baba alikuwa Msauzi aliyeishi Morogoro enzi zile za ukimbizi wa siasa, akamuoa mama huko, mambo yalipotulia wakaja wote kwao. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama akanilea mtaa wa Mayfair kwa kuuza sambusa na vitumbua nje ya msikiti, kwenye baridi ya kupiga mpaka mfupani.

Mimi nilitaka meno tangu shule ya msingi. Sio udaktari wa jumla. Meno. Msiniulize kwanini.

Shida ya kozi ya meno ni kwamba ada ni kitu kimoja, halafu kuna vifaa. Mashine ya mkononi ya kuchimbia jino, vioo, meno ya plastiki ya mazoezi, vyote unajinunulia. Mtu wa sheria ananunua kalamu halafu anajiona kateseka.

Kwa hiyo nikaunganisha basari mbili, yaani ufadhili wa masomo. Ya jeshi ililipa ada, na ukimaliza unalitumikia jeshi miaka kama ile uliyosomeshwa. Ya chuo ililipa bweni, chakula na vifaa.

Wakuu, hii inaruhusiwa. Sikuficha kitu. Kila upande niliuambia habari za mwenzake kabla sijasaini, na wote walisema sawa mradi wasilipie kitu kimoja mara mbili.

Mwaka wa kwanza na wa pili ukaenda. Likizo wenzangu wanakwenda Durban, mimi nipo kambini natambaa kwenye vumbi na bunduki mgongoni. Sikulalamika, nilijua ninachokitafuta.

Sasa njooni kwa Mjomba.

Huyu ni kaka yake mama, tumbo moja. Ana duka la simu, na kwenye shughuli za Watanzania wa Johannesburg yeye yupo mbele. Iwe msiba, iwe harusi, mwenye maiki ni yeye. Ana binti, Zuhura, ambaye mwaka huo alikuwa kamaliza matric, kidato cha mwisho cha huku, na hana wa kumlipia chuo.

Jumapili moja tumekula kwetu, Mjomba kanawa mikono, akaanza.

"Mwanangu, Mungu kakujalia mbili. Mwenzako hana hata moja, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Moja mpe Zuhura."

Nikacheka, nilidhani ananitania. Mjomba hakucheka.

Nikamweleza kwa adabu zote. Kwamba basari imetoka kwa jina langu na alama zangu, sio sinia la pilau kwamba nikishiba nalisogeza kwa mwenzangu. Kwamba moja bila nyingine haitoshi, nitakwama. Nikamwambia Zuhura aje kwangu nimsaidie kuomba ya kwake, tutakaa naye mpaka tumalize.

Akasema, "Undugu ni kufaana." Nikaitikia, nikajua yameisha.

Hayakuisha.

Wiki chache baadaye Mjomba alimchukua mama, akamwambia wanaenda chuoni kwetu kumwombea Zuhura nafasi. Mama Kiingereza chake ni cha kuuzia sambusa. Kaka yake kamwambia, nikikugeukia wewe itikia kwa kichwa.

Basi Mjomba, kavaa suti yake ya harusi, akawaambia watu wa ofisi ya ufadhili kwamba mpwa wake analipiwa na jeshi kila kitu, familia imekaa kikao, kwa hiyo ile ya chuo apewe binti yake. Na mzazi wake huyu hapa, mumuulize. Mama akaitikia kwa kichwa.

Kila kitu. Hayo maneno ndiyo yaliyonimaliza. Chuo kikasema kumbe niliwadanganya, basari ikasimamishwa wakati wanachunguza. Ilikuwa mwaka wa tatu, ndio tunataka kuanza kugusa vinywa vya wagonjwa wa kweli, na mimi nimetolewa bwenini na sina vifaa.

Nilihangaika. Jeshi likathibitisha kuwa linalipa ada tu. Chuo wakaelewa, hata pole wakanipa, lakini nafasi ilishakwenda kwa mwanafunzi mwingine aliyekuwa anasubiri. Zuhura hakupata. Angepataje, wakati hata mwanafunzi wa pale hakuwa?

Nikamfuata Mjomba dukani. Nimeongea yote, yeye anambandikia mteja kioo cha simu. Alipomaliza akaniambia, "Basi, riziki haikuwa yetu."

Riziki, wakuu. Eish. Nilitoka pale nikalia kwa hasira nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, zinabadilika na mimi sivuki.

Aliyeniokoa ni jeshi, na jeshi haliokoi bure. Meja mmoja, mama mtu mzima, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema wanaweza kubeba bweni na vifaa, ila miaka ya kutumikia inakuwa karibu mara mbili. Nikasaini. Ningefanyaje?

Leo ni daktari wa meno mwenye cheo begani, nipo kambi ya mbali kaskazini karibu na mpaka. Niliosoma nao wana kliniki Sandton kwa matajiri. Mimi mpango wangu ulikuwa kliniki ndogo Mayfair, mama aache kusimama kwenye baridi. Mpaka leo anasimama.

Na kila nikimpigia simu, mama ananiomba msamaha. Yeye, aliyedanganywa. Mjomba hajawahi kuniomba hata siku moja.

Mwezi uliopita Zuhura kaolewa. Nikaomba ruhusa nikaja, kwa ajili ya mama. Bibi harusi hajaingia ukumbini, Mjomba kashika maiki, akaninyanyua mbele za watu: "Huyu ndiye daktari wetu. Sisi ndio tuliomsomesha." Vigelegele. Nikakaa chini, maana ningeongea ningeharibu harusi ya watu.

Mara naitwa chumbani kwa bibi harusi. Zuhura miaka yote hiyo alikuwa hanisalimii, nikajua ni maringo tu.

"Dada, sitaki kuolewa na kinyongo," akasema. "Baba aliniambia ulikubali kunipa ile basari, halafu ukaghairi. Nimekuchukia sana."

Nikamweleza yote. Akaagiza baba yake aitwe.

Mjomba kaja, kaulizwa mbele yangu. Akasema, "Nilifanya kwa ajili yako, mwanangu."

Zuhura, mikono yote hina, akamwambia, "Mimi nilitaka uuguzi, baba. Meno yalikuwa ya dada. Hukuniuliza."

Mjomba akaangalia saa, akasema wageni wanasubiri.

Mdogo wangu unayetaka kupita njia hii, pita, inawezekana. Ila andikisha mapema kila ofisi kwamba mwenye kuongea kwa niaba yako ni wewe tu, awe mzazi, awe mjomba, awe shekhe. Na nyumbani ukisema umepata, sema na kilichobaki bila wa kulipa. Mimi nilitangaza kupata tu, nikaonekana tajiri.

Juzi Mjomba kanitumia sauti WhatsApp. Mwanawe wa mwisho meno yamepandana, anataka nimfunge waya huku kambini. Anasema, "Si jeshi linalipa kila kitu?"

Sijamjibu. Nyie mnaosema damu nzito kuliko maji, njooni hapa chini mniambie nimjibu nini.